Wakusanya Santuri

Tamaa ya kukusanya ni ya kale katika tabia ya mwanadamu. Mtoto hukusanya makombe ya pwani, mzee hukusanya maneno ya wahenga, na tajiri hukusanya fedha ambazo hataishi kuzitumia. Kati ya watu hawa wamo wakusanya santuri, na tamaa yao ina ajabu yake. Mwenye kukusanya stempu hutazama mali yake bila ya kuidhuru. Mwenye vitabu huweza kusoma kitabu kimoja mara nyingi na maneno yakabaki palepale. Lakini mwenye santuri hawezi kuifaidi ila kwa kuiumiza. Sindano ipitapo katika mfuo hutoa sauti, na katika kuitoa sauti huula mfuo. Kila kusikiliza ni kupunguza. Santuri isiyopigwa hudumu, walakini ni sahani nyeusi tu, kama kifuniko cha chungu. Santuri ipigwayo ni wimbo, walakini ni wimbo uendao zake kidogo kidogo.

Katika mji wa Tanga, mtaa wa Ngamiani, wako watu wanne wenye tamaa hii. Hukutana jioni ya Jumapili moja katika kila mwezi, kila mmoja na santuri yake kwapani, nyumbani kwa karani mmoja wa reli aliyekwisha kustaafu, mzee aliyevuka miaka 80. Wengine ni mwalimu wa shule, mwenye duka la vitambaa ambaye babu zake walitoka Gujarat, na muuguzi wa hospitali, mwanamke aliye kijana kuliko wote. Hawana chama, hawana katiba wala mweka hazina, na pengine ndiyo sababu wamedumu miaka mingi bila ya kugombana juu ya fedha. Wana sheria mbili tu. Ya kwanza, mtu akiulizwa, "Umesikiliza nini tangu tulipoachana?" hajibu kwa maneno bali kwa kuweka santuri. Ya pili, hapana mtu afunguaye kinywa mpaka upande umekwisha. Kwa watu wa pwani sheria ya pili ni mzigo mzito, na mara nyingi kahawa ndiyo inayowasaidia kuubeba.

Mashine ni mbili. Moja ni gramafoni ya mzee, ya kuzungushwa mpini kwa mkono, yenye sindano za chuma. Ya pili ni ya umeme, mali ya mwalimu, ambayo hupiga santuri za kila mwendo: zile za zamani zigeukazo mara 78 kwa dakika, zile ndefu za mara 33 na theluthi zilizotoka Marekani mwaka 1948, na zile ndogo za mara 45 zilizofuata mwaka 1949. Gramafoni ya mzee imewekwa mahali pa heshima, lakini kazi hufanywa na mashine ya mwalimu.

Karani ni mtu wa tarabu. Santuri zake azipendazo ni zile za zamani, nzito, zivunjikazo kama vigae, ambazo huchukua kiasi cha dakika 3 kwa kila upande. Ziliumbwa kwa unga wa mawe ulioshikamanishwa kwa utomvu wa wadudu wadogo wa miti ya Bara Hindi. Karani huuita utomvu huo sandarusi ya wadudu, akiufananisha na sandarusi ya Mrima iliyokuwa ikipakiwa majahazini zamani. Mwenye duka humsahihisha kila mara, na karani hasahihiki.

Ufupi wa upande mmoja si jambo dogo. Mwimbaji wa tarabu hakuzoea kuhesabiwa dakika. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenziwe walisafiri kutoka Unguja mpaka Bombay, wakanasa nyimbo zao kwa kampuni ya Gramophone, ile yenye nembo ya mbwa anayesikiliza sauti ya bwana wake. Wimbo ambao barazani ungekwenda kadiri ya mapenzi ya mwimbaji na watu wake, huko ulikatwa kwa kadiri ya sahani, na mara nyingine ukagawanywa pande mbili kama kitambaa kilichopungua upana. Kwa hiyo santuri haikuwa usiku wa tarabu wenyewe, bali tundu la kuuchungulia. Hata hivyo, kwa tundu hilo Kiswahili cha Unguja kiliingia nyumba za Mombasa, za Tanga na za bara, kikasikilizwa na watu ambao hawakupata kumtia machoni mwimbaji. Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga, alipoandika wasifu wa Siti binti Saad, aliwaandikia wasomaji ambao wengi wao walikwisha kuijua sauti kabla ya kuyajua maisha.

Mwalimu ni mtu wa rumba. Husema kwamba rumba ni msafiri aliyerudi nyumbani na nguo za ugenini, na wenzake wamekwisha kuchoka na msemo huo, lakini historia yamtetea. Watu waliotolewa utumwani kutoka Kongo na pande nyingine za Afrika walikwenda na ngoma zao Cuba, na huko ngoma zikaoana na gitaa la Kihispania. Mwaka 1930 okestra ya Don Azpiazú ilinasa mjini New York wimbo wa mwuza njugu, El Manisero, na santuri yake ikaenea dunia nzima. Tangu mwaka 1933 kampuni ileile yenye nembo ya mbwa ikauza katika Afrika mfululizo wa santuri za Cuba zenye alama ya herufi G na V. Vijana wa Léopoldville, mji uitwao leo Kinshasa, walizisikiliza, wakaziiga, kisha wakaacha kuiga wakatunga. Mwaka 1948 Wendo Kolosoy alipoinasa Marie-Louise kwa santuri za Ngoma, wimbo ule ulikwisha kuwa wa Kongo, si wa mtu mwingine. Nazo santuri za Kongo zikashika njia ya mashariki. Huko Morogoro Salum Abdallah, aliyefariki mwaka 1965, aliongoza bendi iliyojiita Cuban Marimba, jina ambalo lingetosha kuwa ushahidi hata kama bendi isingeacha wimbo hata mmoja. Wengi wa watu hawa hawakuonana maishani. Zilizosafiri ni santuri, na masikio yakafanya yaliyobaki.

Juu ya mwenye duka hapana haja ya maneno mengi. Yeye ni mtu wa nyimbo za filamu za Kihindi, na akiiweka ile ya Mukesh katika filamu ya Awaara ya mwaka 1951, hata wapita njia husimama dirishani. Wengi wao hawajui neno moja la Kihindi, lakini mahadhi wanayajua tangu utoto.

Watu wenye mapenzi mbalimbali wakikaa pamoja hugombana, na ugomvi wa hawa wanne ni mtamu. Mkubwa kuliko yote ulizuka juu ya santuri ya mjini kwao wenyewe, ya Black Star Musical Club, iliyotolewa Mombasa kwa nembo ya Mzuri. Chama hiki cha Tanga ndicho kilichotia gitaa za umeme na mapigo ya dansi katika tarabu katika miaka ya 1960. Mwalimu aliiweka kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Upande ulipokwisha, karani alisema kwamba ile si tarabu bali ni dansi iliyojifunga kanga. Mwalimu akajibu kwamba ni tarabu iliyokataa kukaa kitako. Walishindana mpaka kahawa ikapoa. Mwisho mwenye duka, aliyekuwa amefumba macho muda wote, aliyafumbua akasema, "Wazee, mnagombea mtoto ambaye mama yake yuko Bombay," akaimba mahadhi yaleyale kwa maneno ya Kihindi. Wote walicheka, karani kwa shida kidogo, maana na katika santuri zake za heshima yamo mahadhi yenye jamaa Bombay na Cairo, naye alilijua jambo hilo siku nyingi.

Hapa iko faida ya kukusanya pamoja ambayo mkusanya peke yake haipati. Mtu akiwa peke yake na santuri za namna moja, sikio lake hujenga ukuta na kuuita ujuzi. Ajua nani alipiga fidla na mwaka gani, ajua rangi ya kila karatasi ya katikati, lakini hajui kwamba jirani yake amekuwa akiusikiliza wimbo uleule kwa jina lingine. Iko elimu ambayo haipatikani ila kwa kukaa kimya dakika 3 mbele ya kitu usichokipenda.

Hata karani, mwenye kulinda mipaka kuliko wote, alipata siku ya kulitambua jambo hili. Muuguzi alipojiunga na baraza alileta Jim Reeves, Mmarekani wa sauti nyororo aliyekufa katika ajali ya ndege mwaka 1964, ambaye mpaka leo ana wapenzi wengi Afrika Mashariki. Mama yake muuguzi alizipenda nyimbo hizo, naye akazirithi pamoja na santuri. Karani alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Mwanangu, nyimbo za wachunga ng'ombe wa Kizungu zatuhusu nini sisi?" Muuguzi hakuwa na jibu, akainamisha macho. Ndipo mwalimu akasimulia habari ya Kapkatet.

Habari yenyewe ni hii. Alikuwako Marekani mwimbaji wa nyimbo za namna hiyo, jina lake Jimmie Rodgers, aliyefariki mwaka 1933. Santuri zake zilifika nchi ya Wakipsigis, magharibi ya Kenya, pamoja na gramafoni za wageni. Watu walimsikia mtu anayeimba na kupiga gitaa asionekane, nao walikuwa na zeze zao na nyuzi zao, wakamwelewa kwa namna yao. Jina lake likalainika katika vinywa likawa Chemirocha. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika kunasa nyimbo za wenyeji, alifika Kapkatet akawakuta wasichana wanaimba juu ya Chemirocha, kiumbe aliye nusu mtu na nusu paa, wakimwalika aje acheze nao. Tracey aliwanasa. Miaka 65 ikapita. Mwaka 2015 sauti zile zilirudishwa Kapkatet, zikasikilizwa na watu wa nyumba zilikotoka, na baadhi ya waliokuwa vijana siku ile ya mwaka 1950 walikuwa hai bado kuzisikia.

Mwalimu alipomaliza, karani alinyamaza kitambo. Kisha akamwambia muuguzi, "Mwanangu, rudisha sindano mwanzo." Jim Reeves akaimba mara ya pili. Haifai kusema kwamba mzee alimpenda. Hata leo akimsikia hukunja uso. Lakini hakuuliza tena swali lile.

Ni muuguzi huyo aliyeuliza swali lingine, nalo likawa zito kuliko la mzee. Karani alikuwa na santuri moja ambayo wenzake waliisikia kwa sifa tu. Ilikuwa santuri ya Siti binti Saad, ya mara 78, aliyoinunua mama yake Mombasa katika ujana wake. Ilifungwa katika kitambaa cheupe, ikalazwa sandukuni juu ya nguo, na tangu mama yake alipofariki mwaka 1971 haikupigwa. Ina ufa mwembamba kama unywele, kutoka ukingoni mpaka karibu na katikati. Mzee aliogopa kwamba sindano ingeufungua. Katika kila baraza aliitaja, na katika kila baraza ilibaki sandukuni. Jioni moja muuguzi akasema, "Babu, santuri ya bibi twaisikia kila mwezi kwa jina. Huo wimbo wasemaje?"

Mzee akacheka, akaanza kuuimba kwa sauti ya chini. Beti za upande wa kwanza zilitoka zote. Alipofika penye upande wa pili alisita, akarudi nyuma, akaanza tena, akasita palepale. Alijaribu mara ya tatu, kisha akasema kwamba amechoka, na baraza likavunjika mapema. Kumbe kwa miaka zaidi ya 50 mzee alikuwa ameilinda sahani, na wimbo ukatoka kwa mlango wa nyuma.

Mwezi uliofuata wenzake walikuja na shauri. Mwalimu alikuwa amekwisha kutafuta kama wimbo ule umepata kutolewa upya. Yalikuwako matumaini, kwani mwaka 2007 kampuni ya Topic ya London ilitoa mkusanyo wa nyimbo za Kiswahili za miaka ya 1920 hadi 1950 kutoka hazina ya maktaba ya taifa ya Uingereza, na mwaka 2010 Honest Jon's, ya London vilevile, ikatoa mwingine kutoka ghala la kampuni ya EMI. Ni kichekesho chenye uchungu kwamba mtu wa Ngamiani aitafute London sauti iliyokuwa ikisikika barazani kwao. Lakini kulaumu si haki tupu, kwa maana waliohifadhi wamehifadhi, na huku kwetu santuri nyingi zimekwisha kuwa vigae. Hata hivyo wimbo wa mama yake karani haukuwamo katika mkusanyo wo wote alioupata.

Basi mwalimu akaleta hoja ya pili, ya kifundi. Alieleza kwamba kilichozila santuri za kale ni ule mkono mzito wa gramafoni ya mpini na sindano yake ya chuma, iliyotakiwa kubadilishwa kila baada ya upande mmoja. Mkono wa mashine ya umeme hulemea kwa gramu chache tu, na kwa santuri za mara 78 iko sindano yake maalumu, pana kuliko ile ya santuri ndefu, ikaayo vyema katika mifuo mipana. Madhara yangekuwa madogo. Muuguzi akasema simu yake ingeinasa sauti, isihitaji kupigwa tena. Mwenye duka akasema kwamba kitambaa kisichokunjuliwa huliwa na nondo kwenye mikunjo. Hoja zote zilikuwa nzuri. Mzee alizisikiliza kwa adabu ileile aliyomsikiliza nayo Jim Reeves, akatikisa kichwa.

"Si ufa peke yake," alisema hatimaye. Akaeleza kwamba mama yake alikuwa na desturi ya kuupiga wimbo ule alasiri akipeta mchele, naye huimba pamoja na Siti, sauti juu ya sauti. Mzee hakuwa na hakika tena ni sauti ipi aliyo nayo kichwani. Aliamini ya kuwa ni ya mama yake. Aliogopa kwamba akiisikia ya santuri, iliyo kubwa na iliyofundishika, ile ndogo itafutika, asibaki nayo hata hiyo nusu.

Hapana aliyejibu. Mwalimu mwenyewe, ambaye hakosi neno, alifunga kisanduku cha sindano. Jioni ile walisikiliza Mbaraka Mwinshehe pande mbili, wakaagana.

Zilipita Jumapili mbili za baraza bila ya jambo lile kutajwa. Ya tatu, wageni walipofika na kutoa shikamoo, walikuta kitambaa cheupe kimekunjuliwa juu ya meza na santuri imelala juu yake. Mzee hakueleza sababu, nao hawakumwuliza. Alisema tu, "Mwalimu, weka ile sindano pana."

Mwalimu alipangusa sahani kwa kitambaa laini, toka ndani kwenda nje, akaiweka. Muuguzi alisogeza simu karibu na kipaza sauti. Mwanzo ulisikika mvumo kama wa mvua ya mbali, na ndani ya mvumo ule mlio wa ufa, tak, tak, tak, mara 78 kwa dakika, sawasawa kama nyundo ya fundi asiye na haraka. Kisha nyuzi, kisha sauti. Kwa nusu ya upande wote wanne walisikiliza ufa kuliko wimbo, wakingoja sahani ipasuke. Haikupasuka. Taratibu sikio liliuzoea mlio ule, likauacha nyuma, likamfuata mwimbaji.

Mzee alikaa mikono magotini. Midomo yake ilikuwa ikicheza, lakini hakuvunja sheria. Penye ubeti wa tatu alikunja uso ghafula, akainua kichwa, akaitazama mashine kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake. Wenzake waliona, wakakaa kimya, maana upande ulikuwa haujaisha. Sindano ilipofika katikati mwalimu aliinua mkono wa mashine, na chumba kikawa kitupu.

"Neno lile," mzee alisema, "silo aliloimba mama."

Akaliimba ubeti kama mama yake alivyouimba, na neno lilikuwa lingine, lenye maana ya mbali kabisa, la jikoni, lisilofaa hata kidogo katika wimbo wa mapenzi. Mwenye duka ndiye aliyeanza kucheka, na mzee akacheka mpaka akafuta macho. "Miaka yote," akasema, "miaka yote alikuwa akikosea, nami nikakosea pamoja naye." Akaliimba tena neno la mama yake, polepole, kama mtu ajaribuye kitasa aone kama kingali kinafunga. Lilikuwapo.

Kisha akamwelekea mwalimu.

"Haya, pindua."